Dada Aliniuliza Programu ya Kutengenezea Vibonzo, Nikamdanganya

Dada yangu aliingia dukani saa sita mchana, sare ya unesi bado mwilini, akaweka simu yake juu ya kaunta ya kioo.

"Hi... hi... hii wametengeneza kwa programu gani?"

Nikainama kuangalia.

Ndugu zangu!

Kilikuwa kibonzo cha picha. Nesi mwenye miwani mikubwa kama visahani, mdomo umevutwa hadi karibu na sikio, ameshika sindano ndefu kuliko yeye mwenyewe. Mbele yake foleni ya kina mama, wote wamesinzia wakisubiri. Na kutoka mdomoni mwake kiputo kikubwa cha maneno:

"NA-NA-NA-NA-NANI A-A-A-ANAFUATA?"

Chini yake, laiki elfu tisa.

Nilikijua vizuri kile kibonzo. Nilikijua kuliko mtu yeyote duniani.

Nilikitengeneza mimi!

Na yule nesi alikuwa ni yeye, dada yangu.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza. "Hu... hujui?"

"Najua... ngoja niangalie vizuri."

"Huyo ni mimi." Akagonga kioo cha simu kwa ukucha. "Wamebadilisha miwani na rangi ya sare, lakini hilo dirisha ni letu. Hiyo kalenda iliyochanika pembeni ni yetu. Kuna mtu alinipiga picha pa... pale kliniki."

"Watu wana roho mbaya sana!" nikasema.

Niliisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine kabisa.

Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjanitukana. Matusi ninayastahili, lakini sikilizeni kwanza.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa. Kadi za harusi, mabango, vitambulisho, kopi za vyeti. Nikitoka kazini natengeneza vibonzo. Nachukua picha ya mtu halisi, namkata, nambandika kwenye picha nyingine, namvuta pua, namwekea maneno mdomoni. Ukurasa wangu hauna jina langu wala sura yangu. Unaitwa Mzee wa Mkasi.

Kwa miezi saba nilikuwa na wafuasi mia mbili na kitu. Nusu yao niliwaomba mimi mwenyewe wanifuate.

Siku moja nilimpelekea dada chakula kazini. Nilimkuta dirishani anaita majina ya watoto wa chanjo. Nikampiga picha, tena kwa mapenzi tu, alikuwa amependeza. Picha ikakaa kwenye simu.

Wiki ile sikuwa na wazo lolote la kuposti. Nikawa napitia picha zangu... kidole kikasimama kwenye ile.

Dada yangu ana kigugumizi tangu utotoni. Na mimi, nikiwa na miaka sita, ndiye niliyekuwa mdomo wake! Akitumwa dukani ananishika mkono, njiani ananinong'oneza anachotaka, tukifika mimi ndiye namwambia muuzaji. Watoto wenzangu wakimwiga, nawavaa hata kama wamenizidi umri. Nimewahi kung'olewa jino kwa ajili yake.

Huyo ndiye niliyemweka kwenye kibonzo.

Nilijiambia hakuna atakayemjua. Nilimbadilisha miwani, bwana! Nilimbadilisha sare!

Kibonzo kikashika moto. Siku mbili tu, wafuasi elfu nane. Watu wakampa na jina, Nesi Kwama. Kila nikifungua simu ni "Mzee wa Mkasi tupe mwingine wa Nesi Kwama!"

Nikawapa mwingine...

Sasa wiki ya tatu, dada huyu hapa mbele yangu. Nilisubiri alie. Au aseme anaenda kushtaki.

Hakufanya hata kimoja.

"Nataka kujifunza," akasema.

"Kujifunza nini?"

"Kutengeneza vitu kama hivi. Vya watoto. Watoto wanaogopa sindano, wanalia kuanzia getini. Mimi kuwaeleza nachukua muda, wanazidi kuogopa. Lakini nimeangalia hiki kibonzo, nikasema... nikasema..." Akavuta pumzi. "Kwenye kiputo maneno hayakwami. Nikiandika, yanatoka yote kwa mpigo."

Alikuwa anatabasamu, jamani. Ameshika kibonzo kinachomdhihaki na anatabasamu.

"Sasa wewe ndiye fundi. Mtu anayeanza kabisa, hajui kitu, aanze na programu gani?"

Hapo ndipo nilipotenda kosa ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko hata kile kibonzo.

Ziko programu mbili ninazozijua vizuri. Majina yake sitayataja, nitaziita Kisu na Karakana.

Kisu ni ya simu. Ni nyepesi, mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Unaweka picha, unachagua kiputo, unaandika, basi. Ina na vipicha vyake vya kubandika: miwani, masharubu, sindano...

Umeelewa? Ile sindano ndefu niliitoa mle! Ile miwani ya visahani niliitoa mle! Dada angefungua Kisu dakika tano tu angeviona vyote vimepangwa. Halafu angesema nimwonyeshe kwenye simu yangu, na humo vibonzo vyote vya Mzee wa Mkasi vimejipanga kama nguo kwenye kamba.

Karakana ni ya kompyuta. Ni nzito, ina vitufe hujui uanze na kipi. Humo picha inajengwa kwa leya, yaani vipande vinavyolaliana kama karatasi za plastiki zinazoonyesha: mtu kwenye leya yake, ukuta kwenye leya yake, maneno kwenye leya yake. Bosi wangu ndiyo anayotumia kwa mabango. Mimi kuijua ilinichukua miezi minne, na nilitaka kuacha kazi mara mbili.

"Karakana," nikasema. "Kwa anayeanza hakuna kama Karakana."

"Si ngumu?"

"Ah, utaizoea. Hizo za kwenye simu ni za kitoto, zitakuharibia mkono."

Nilimtazama machoni nikimwambia hivyo. Nilijua kabisa atachoka baada ya siku tatu.

Akafungua daftari, akaandika jina la programu kwa mwandiko wake mzuri wa kinesi, akalipigia mstari mara mbili.

"Ahsante mdogo wangu. Sijui ningemuuliza nani."

Siku tatu zikapita. Hakuchoka.

Kompyuta yake ilikuwa nzee, akifungua Karakana inapumua kama mgonjwa. Akienda chumba cha pili kuvua sare na kurudi, ndiyo kwanza imefunguka. Kila Jumamosi akitoka zamu anakuja dukani na lile daftari. Ameandika kila kitufe alichobonyeza na kilichotokea.

"Nikibonyeza hiki, mtu anapotea. Ameenda wapi?"

"Amejificha chini ya leya nyingine."

"Namtoaje?"

"Jaribu jaribu tu, utaona."

Majibu yangu yalikuwa hivyo. Nusu nusu. Kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda stendi akajibu "nenda tu mbele"!

Wiki ya tatu ya mafunzo akaja amenyong'onyea.

"Nilimaliza kurasa sita. Jana nikaona nimekosea neno kwenye ukurasa wa pili. Nikitaka kulirekebisha, ha... haligusiki. Maneno yamegandana na picha."

"Ulihifadhije?"

"Ulivyoniambia. Kama picha ya kawaida."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Kwenye Karakana unahifadhi nakala mbili: moja ya picha ya kawaida ya kuwatumia watu, nyingine yenye leya zake ili kesho ukitaka kubadilisha neno ulibadilishe. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Nililiruka makusudi.

"Pole dada," nikasema. "Ndivyo ilivyo. Itabidi uanze upya."

Akapapasa jalada la daftari kwa kidole.

"Sawa," akasema. "Naanza upya."

Nilijifanya natafuta karatasi chini ya kaunta ili nisimwone akitoka.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, angekiri. Mimi sikuishia hapo...

Kuna Jumapili nilienda kwake. Shemeji, mume wa dada, alikuwa uani anakarabati baiskeli. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo, mimi nafuta. Akaniambia jambo ambalo, alisema, hajamwambia hata mumewe.

"Juzi niliita jina la mtoto. Jina refu, linaanza na herufi inayonisumbua. Nikakwama. Nikakwama kwelikweli. Mama yake akasimama akasema, 'Ngoja umalize, nitarudi mwakani.' Watu wakacheka. Akambeba mtoto akaondoka. Chanjo ya surua hakupata."

"Sasa?"

"Nilitafuta anwani yao kwenye kadi. Siku mbili baada ya kazi nimezunguka ule mtaa wa nyuma ya soko. Siku ya pili ndiyo nikawapata."

Alifunga bomba, akabaki ameshika sinki.

"Usimwambie mtu. Nimeona aibu sana."

"Siwezi dada."

Jumatano nikaposti!

Paneli nne, yaani vipande vinne vya picha vinavyofuatana. Nesi Kwama anaanza kuita jina. Mama anaondoka na mtoto mgongoni. Jua linazama. Paneli ya mwisho, jitu lenye ndevu linarudi dirishani, "Nesi, umeshamaliza? Mimi ndiye yule mtoto."

Ilichekesha. Nasema ukweli, ilichekesha sana. Watu walivunjika mbavu. Wafuasi wakafika elfu arobaini.

Zile siku mbili za kuzunguka nyuma ya soko sikuziweka kwenye kibonzo.

Wiki iliyofuata dada hakuja dukani. Alikuja shemeji.

"Dada yako ametolewa dirishani," akaniambia.

"Kivipi?"

"Watu wanamwiga mbele yake. Akiita jina, ukumbi mzima unaitikia 'na-na-na'. Mpaka watoto! Juzi katoto ka miaka minne kamemuita Nesi Kwama usoni. Mkuu wa zahanati ameona bora akae stoo, ahesabu maboksi ya dawa. Ameomba mwenyewe, nasikia."

Nilijifanya naweka karatasi kwenye mashine ya kopi.

"Shem, nikimpata huyo Mzee wa Mkasi..." Hakumaliza. Shemeji ni mtu mpole, hajui hata atamfanya nini mtu akimpata. Akafuta jasho, akaniuliza, "Wewe ni mtu wa mambo haya. Hakuna namna ya kujua ni nani?"

"Ni vigumu," nikasema.

Alipoondoka nikaingia chooni nikafunga mlango. Nikafuta vibonzo vyote vitatu. Nikafuta na ukurasa.

Nikadhani nimemaliza. Loo! Jioni ile ile nikaviona vyote vitatu kwenye grupu la mtaa, mtu mwingine ameweka jina lake pembeni. Nikamwandikia avifute. Akanijibu, "Kwani ni vyako?"

Nikazima simu.

Ikapita kama wiki mbili. Simpigii dada, na yeye hanipigii. Halafu Jumanne asubuhi akatokea dukani, ameshika flashi.

Alinisalimia vizuri tu. Habari za kazi, nzuri. Umekonda, ah kawaida.

"Nimemaliza," akasema. "Kurasa nane. Nataka zichapwe kubwa, za kubandika ukutani. Mkuu wa zahanati amekubali."

"Nitakuchapia."

"Fungua ile yenye leya, si ya picha. Kuna neno moja ukurasa wa mwisho sijaridhika nalo, uliangalie."

Nikashtuka kidogo. Yenye leya? Nani kamwambia?

Bosi akamwita upande wa pili amwonyeshe aina za karatasi. Mimi nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua.

Jamani... nilichokiona.

Kwanza, kazi ilikuwa safi. Watu wamekatwa vizuri mpaka unywele. Vivuli vimekaa mahali pake. Mimi na miezi yangu yote ya Mzee wa Mkasi sijawahi kufikia pale.

Pili, nesi wa kwenye kibonzo alikuwa yeye. Sura yake yenyewe, haijavutwa popote. Na alikuwa na kigugumizi!

Kuna mtoto wa kike anaogopa sindano. Kila nesi akimwambia "tayari?" anajikaza, anafumba macho, mkono unakuwa mgumu kama fimbo. Anafika kwa huyu nesi. Nesi anasema, "Nikifika tatu. Mo... mo... mo... moja." Mtoto anafungua jicho moja. "Mbi... mbi... mbili." Mtoto anaanza kucheka, anapumua, mkono unalegea. Nesi anachoma. "Ta... ta... tatu." Mtoto anasema, "Mbona umechoma kabla hujamaliza?" Nesi anajibu, "Ningemaliza, ungeogopa tena."

Niliisoma mara mbili. Machozi yalikuwa yananitoka na mimi hata sina habari.

Nikafika ukurasa wa mwisho. Pembeni kwenye orodha ya leya kila kitu kimepewa jina. Nesi. Mtoto. Kitanda. Maneno ya nesi. Na juu kabisa leya moja iliyofungwa, haionekani, imeandikwa: USICHAPE. MDOGO WANGU FUNGUA.

Nikabonyeza.

Kikatokea kiputo kimoja kikubwa, kinatoka mdomoni mwa dada, kwenye ile sura yake isiyovutwa, macho yananiangalia moja kwa moja:

"Habari ya yule mama wa chanjo ya surua nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Nilimwambia jikoni kwangu, akiwa ameshika kitambaa changu cha vyombo."

Hakuna neno lililokwama. Yalitoka yote kwa mpigo.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na kiti changu!

Nilipoinua kichwa, dada alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta. Bosi alikuwa nyuma kwenye mashine.

"Umelisoma hilo neno?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nibadilishe chochote?"

"Hapana dada."

Nikasimama.

"Dada, nisa..."

"Ngoja kwanza." Akainua mkono. "Nina swali moja. Kwa nini ulinipa programu ngumu?"

Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekwama. Mdomo unafunguka, kitu hakitoki. Na dada yangu, ambaye maisha yake yote watu wanamkatiza na kumalizia maneno yake, hakunimalizia. Alisimama pale akanisubiri mpaka nikamaliza mwenyewe.

Nikamweleza kila kitu. Sindano ya kwenye Kisu. Miwani. Kuhifadhi kama picha ili maneno yagandane.

"Hilo la kuhifadhi nililijua zamani," akasema. "Siku moja nilikuja hukuwepo, bosi wako akanionyesha. Akashangaa. Akasema, 'Mdogo wako anajua hili, ndiye anayewafundisha wenzake hapa.' Nikarudi nyumbani nikifikiria, kwa nini? Sikupata jibu. Nikasema labda ulisahau. Nilikutetea, unajua? Kichwani mwangu ni... nilikutetea. Mpaka Jumatano ile."

"Ulijua tangu Jumatano ile na hukusema kitu?"

"Ningesema kwa mdomo, ungenikatiza. Ungelia, ungeniomba msamaha kabla sijamaliza sentensi. Ningekusamehe sijasema hata nusu." Akachukua flashi mkononi akaigeuzageuza. "Nikajifunza leya."

Elewa, ndugu msomaji. Ile programu niliyompa ili imshinde, ndiyo iliyompa mahali pa kunifichia neno nilipate peke yangu, bosi asione. Kwenye Kisu asingeweza. Kisu haina leya.

"Shemeji anajua?" nikauliza.

"Hajui. Utamwambia wewe."

Nilimwambia siku ile ile. Hakunipiga. Alisikiliza, akachukua spana yake, akarudi kwenye baiskeli, akanipa mgongo. Hadi leo ananisalimia kwa "habari yako". Lile neno "shem" limekwisha.

Lakini dada alikuwa na sharti jingine.

"Alhamisi ni siku ya chanjo. Narudi dirishani. Utakuja kubandika kurasa wewe mwenyewe, halafu utakaa kwenye benchi na kina mama mpaka niite jina la mwisho."

Nikaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikabandika kurasa nane kwenye korido, gundi inanidondokea viatuni. Nikakaa benchi la katikati. Kina mama wakanitazama, mwanamume pekee, sina mtoto wala kadi.

Dirisha likafunguka. Dada akashika kadi ya kwanza.

"Na... na..."

Nyuma yangu mtu akaguna. Mwingine akamalizia, "Na-na-na-nani anafuata!" Benchi zima likaangua kicheko.

Dada aliinua macho kutoka kwenye kadi, akanitazama mimi.

Hakuna aliyeniambia nisimame. Miguu ilisimama yenyewe.

"Samahanini kina mama," nikasema. Sauti ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. "Ile picha ya Nesi Kwama niliitengeneza mimi. Ya mama aliyeondoka na mtoto, ni mimi pia. Nilizitengeneza ili mnicheke... yaani mcheke. Huyu nesi alimtafuta yule mtoto siku mbili mtaani akampa chanjo yake. Hilo nililificha."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Mama mmoja, amempakata mtoto mchanga, akaniuliza taratibu:

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Mdogo wake wa vipi, wa ukoo?"

"Tumbo moja, mama."

Hakunitukana. Alimwinua yule mchanga kutoka paja la upande wangu, akamhamishia paja la pili, mbali na mimi.

Nimewahi kutukanwa na wateja. Nimewahi kufukuzwa na baba mwenye nyumba mbele za majirani. Hakuna kilichowahi kuniingia kama kile kitendo cha yule mama kuhamisha mtoto.

Dada akaendelea kuita. Alikwama, alisubiri, alimaliza. Hakuna aliyecheka tena. Kufikia kadi ya thelathini hivi, nikasikia kasichana kakimwambia mama yake, "Mama, ni yule wa ukutani! Nataka anihesabie yeye." Kakaenda chumba cha sindano kakimvuta mama yake mkono.

Nilikaa hadi jina la mwisho. Alipofunga dirisha nilijua ataniita. Hakuniita. Alitoka kwa mlango wa nyuma na wenzake.

Ni miezi mitano sasa. Zile kurasa zimeombwa na zahanati nyingine tatu. Dada ana kompyuta bora kidogo na anatengeneza ya pili, ya mtoto anayeogopa daktari wa meno.

Naandika haya kwa sababu tangu watu wajue Mzee wa Mkasi ni nani, kila wiki napata meseji kutoka kwa mtu anayeanza: "Kaka, nitumie programu gani?" Sasa nawajibu ukweli. Kama ni utani wa picha moja na una simu tu, anza na nyepesi, usijitese. Kama unataka hadithi ya kurasa nyingi utakayokuwa unairekebisha, tafuta yenye leya, na hifadhi nakala mbili. Na mtu akikuuliza unachokijua, mpe chote. Ukimpa nusu ili abaki nyuma yako, siku akikufikia atajua ni wapi ulikata.

Halafu kabla hujavuta pua ya mtu yeyote, nenda na picha yako mkononi ukamuulize mwenye pua. Kama huwezi kumwonyesha yeye, usituonyeshe na sisi.

Dada alinisamehe. Alilisema kwa mdomo wake, neno lote, na nilisubiri hadi alipolimaliza. Jumapili naenda kwake kama zamani. Anaosha vyombo, mimi nafuta. Tunaongea habari za mvua, za umeme, za afya ya shangazi.

Juzi nimesikia kwa bosi wangu kwamba dada amepandishwa cheo, ndiye sasa mkuu wa kitengo cha chanjo. Ana wiki tatu tangu apate barua.

Jumapili zote tatu tulikuwa wote pale kwenye sinki, na hakuniambia.